Mwenye Lugha Ni Nani? Jibu Limo Katika Santuri za Toshiko Akiyoshi

Muhula uliopita alinijia ofisini mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu wa shahada ya ualimu, aliyekuwa ametoka tu katika mazoezi ya kufundisha. Alikuwa na fomu mkononi, akitaka niitie sahihi ili aache somo la Kiswahili na kuchukua jingine. Nilipomuuliza sababu alisita, kisha akanieleza kwamba mwalimu mmoja mkongwe katika shule alikopelekwa alimwambia, mbele ya walimu wengine wakati wa chai, kwamba Kiswahili kina wenyewe. Kwamba mtu aliyezaliwa mbali na pwani, ambaye lafudhi yake humtangaza kwao kabla hajaimaliza sentensi, anaweza kukisoma na hata kuufaulu mtihani wake, ila hawezi asilani kuwa mwenye nacho. “Mwalimu,” akaniuliza, “nimeanza kujifunza lugha hii nikiwa na umri wa miaka sita. Je, mtu huwa mgeni mpaka lini?”

Taaluma yangu ina majibu ya swali hilo. Ningeweza kumweleza tofauti iliyopo baina ya lugha ya kwanza na lugha ya pili, au baina ya umilisi na utendaji, akaondoka na maelezo ya kutosha kujibia swali la mtihani. Lakini aliyejeruhiwa hatibiwi kwa fasili. Badala yake nilimwandikia katika kipande cha karatasi majina ya rekodi sita za muziki, nikamwomba azisikilize kwa muda wa wiki mbili kabla sijatia sahihi. Zote ni za mwanamke mmoja wa Kijapani, Toshiko Akiyoshi, mpiga piano, mtunzi na kiongozi wa bendi kubwa ya jazi. Leo nawapa wasomaji orodha iyo hiyo pamoja na sababu zake, kwa maana naamini wapo walimu na wanafunzi wengi wenye jeraha kama lile, na wapo pia waliolisababisha.

Yafaa kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe. Sisi wa Afrika Mashariki tumelizoea neno hilo katika majina ya bendi: Shirati Jazz, Victoria Jazz, Morogoro Jazz, na huko Kongo, OK Jazz. Bendi hizo zilipiga benga, rumba na dansi la magitaa. Jina lilikopwa, muziki ukawa mwingine. Jazi ninayoizungumzia hapa ni ile iliyoasisiwa na Wamarekani weusi mwanzoni mwa karne ya ishirini, hususan katika jiji la New Orleans, ambayo uti wa mgongo wake ni kubuni papo kwa papo. Mpigaji hupewa wimbo kama malenga anavyopewa mada, akatakiwa kuujibu mbele ya hadhira kwa kanuni zinazojulikana na wote, lakini kwa maneno yake mwenyewe. Bendi kubwa nayo huwa na wapigaji wapatao kumi na sita: saksafoni tano, tarumbeta nne, tromboni nne, piano, besi na ngoma. Mtunzi wa bendi ya namna hiyo hana budi kuandika yatakayopigwa na kundi zima, na papo hapo kuacha nafasi ya kila mmoja kusema lake.

Akiyoshi alizaliwa Desemba 1929 katika mji wa Liaoyang, Manchuria, eneo la kaskazini mashariki mwa Uchina ambalo majeshi ya Japani yaliliteka miaka miwili baadaye. Alifundishwa piano utotoni, lakini ilikuwa piano ya muziki wa kale wa Ulaya. Japani iliposhindwa vitani mwaka 1945, familia yake ilipoteza mali, ikarejea Japani mwaka 1946 na kukaa Beppu, katika kisiwa cha Kyushu. Huko, akiwa bado msichana, alipata kazi ya kupiga piano katika ukumbi wa dansi. Mpenzi mmoja wa santuri akamsikilizisha Teddy Wilson, mpiga piano Mmarekani mweusi, katika wimbo “Sweet Lorraine”, na tangu hapo moyo wake haukutulia. Tutambue basi kwamba mtu huyu hakuisikia jazi kwa mama yake wala hakuikuta mtaani. Aliipata kwa sikio, kutoka kwenye santuri, katika nchi iliyokuwa imetoka kupigana na nchi ya wenye muziki huo. Kama yupo mtu aliyestahili kuambiwa kwamba jambo fulani lina wenyewe, ni yeye.

Rekodi ya kwanza katika orodha yangu ni ile ya mwaka 1953. Oscar Peterson, mpiga piano mashuhuri wa Kanada, alimsikia Tokyo akiwa ziarani, akampendekeza kwa mtayarishaji Norman Granz. Akarekodiwa pamoja na Herb Ellis wa gita, Ray Brown wa besi na J. C. Heard wa ngoma. Isikilize rekodi hiyo kwa masikio ya mwalimu. Utamsikia mwanafunzi hodari mno: kasi ya Bud Powell, bingwa wa mtindo wa bebop, imo, vituo vyake vimo, hata namna yake ya kuanza sentensi katikati ya pumzi imo. Lisilosikika sana bado ni Akiyoshi mwenyewe. Sisemi hivyo kwa kumbeza. Mtoto husema maneno ya mamaye kabla ya kusema yake, na mwandishi chipukizi humwiga bingwa wake hadi aibu imshike. Kuiga ni darasa ambalo halirukwi. Lililo baya ni kubaki humo maisha.

Mwaka 1956 alikwenda Boston, Marekani, akawa Mjapani wa kwanza kusoma katika chuo cha muziki cha Berklee. Magazeti na televisheni zilimpokea kwa shangwe, na mara nyingine alionekana akipiga akiwa amevaa kimono. Miaka mingi baadaye alisema bila kujificha kwamba shangwe ile haikuwa kwa sababu ya ubora wake, bali kwa sababu ya ajabu yake: mwanamke wa Kijapani apigaye kama Bud Powell. Hapa naomba tusimame kidogo, kwa kuwa jambo hili tunalijua. Mzungu akisema “habari gani” hupigiwa makofi. Mwalimu wa kutoka bara akikosea upatanisho mmoja huchekwa. Tunadhani haya ni mambo mawili yanayopingana, kumbe ni jambo moja. Anayeshangiliwa kwa kujitahidi na anayechekwa kwa kukosea wote wameambiwa kwamba si wa hapa. Sifa nayo yaweza kuwa ua la kumzuia mtu nje ya boma.

Rekodi ya pili ni ile ya kundi la watu wanne aliloliongoza pamoja na Charlie Mariano, mpiga saksafoni aliyekuwa mumewe wakati huo, iliyorekodiwa mwishoni mwa mwaka 1960 na kuitwa Toshiko Mariano Quartet. Humo mna utunzi wake “Long Yellow Road”, yaani barabara ndefu ya manjano. Mimi hulisoma jina hilo kwa namna mbili: vumbi la barabara za Manchuria ya utoto wake, na safari ya mtu wa Asia ndani ya muziki wa watu wengine. Utunzi huo baadaye ukawa kama kitambulisho cha bendi yake kubwa. Katika rekodi hii sauti ya mwanafunzi inaanza kupungua, na ya mtu mwenye la kusema inaanza kupanda.

Haikupanda bila dhiki. Ndoa ilivunjika, kazi ikawa haba, na kwa muda akafikiria kuuacha muziki. Alimwoa, au tuseme kwa adabu ya lugha yetu aliolewa na, Lew Tabackin, mpiga saksafoni na filimbi. Mwaka 1972 wakahamia Los Angeles, na mwaka uliofuata wakaunda bendi kubwa iliyopiga tungo zake yeye pekee. Tafadhali lizingatieni hilo: si nyimbo za kukopa, bali kila noti kutoka kalamu moja.

Kutokana na bendi hiyo tunapata rekodi ya tatu, Kogun, ya mwaka 1974. Neno hilo la Kijapani humaanisha jeshi lililoachwa peke yake. Machi 1974, Hiroo Onoda, mwanajeshi wa Japani aliyekuwa amejificha katika kisiwa cha Lubang, Ufilipino, kwa takriban miaka thelathini akiamini vita havijaisha, alikubali kuweka silaha chini baada ya mkuu wake wa zamani kwenda kumwondolea amri. Dunia ilimtazama kama kioja. Wafilipino waliouawa na kikundi chake katika miaka hiyo wasingecheka, na nasi tusiwasahau. Akiyoshi aliuona upweke wa mtu aliyetumikia jambo lililokwisha kufa bila ya mtu kumwambia, akautunga.

Sikiliza alivyofanya. Kabla ya bendi kushika kasi, husikika tsuzumi, ngoma ndogo ya mkononi itumikayo katika mchezo wa kuigiza wa Kijapani uitwao Noh, pamoja na ukelele wa wapigaji wake. Ngoma hiyo hailazimishwi kufuata mdundo wa jazi. Ina wakati wake, ina kimya chake, na bendi inajifunza kuishi karibu nayo. Filimbi ya Tabackin nayo huvuta pumzi kwa namna ya filimbi ya mianzi ya Kijapani. Akiyoshi ameeleza kwamba Duke Ellington, kiongozi mkuu wa bendi kubwa katika historia ya Marekani, alimfundisha jambo moja kuu: kwamba utunzi wa Ellington ulibeba urithi wa watu wake bila kuona haya. Basi, aliwaza, na mimi ninao wangu. Alikuwa amekaa miaka zaidi ya ishirini akijitahidi lafudhi isisikike. Siku aliyoiruhusu isikike ndipo wenye jazi walipomhesabu kuwa mwenzao.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu kama mwanaisimu. Lafudhi ni alama ya njia ambayo msemaji amepitia, na haitoshi kuwa ushahidi kwamba lugha imemshinda. Kosa la sarufi hurekebishwa, na mwalimu asiyelirekebisha anamwibia mwanafunzi; katika hilo sina huruma. Lakini kosa na lafudhi si kitu kimoja. Akiyoshi hakuleta tsuzumi kwa sababu alishindwa kupiga jazi sawasawa. Alikuwa amekwisha kuthibitisha mwaka 1953 kwamba aliweza. Aliijua sarufi kwanza, kisha akasema la kwao kwa sarufi hiyo.

Rekodi ya nne ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Inaitwa Insights, ya mwaka 1976, na ndani yake mna utunzi mrefu wa zaidi ya dakika ishirini uitwao “Minamata”. Minamata ni mji wa pwani katika Kyushu, kisiwa kile kile alichofikia Akiyoshi alipotoka Manchuria. Kiwanda cha kemikali cha kampuni ya Chisso kilimwaga taka zenye zebaki katika ghuba ya mji huo tangu mwaka 1932 hadi mwaka 1968. Zebaki ikaingia katika samaki na makome, samaki wakaliwa. Paka walianza kuyumba na kurukaruka kama wanaocheza ngoma, kisha wakafa. Baada yao wakafuata watu: mikono ikatetemeka, macho yakafifia, ulimi ukashindwa kuunda maneno, na watoto wakazaliwa wakiwa wameathirika tumboni mwa mama ambao wao wenyewe hawakuonyesha dalili nyingi. Ugonjwa ulitangazwa rasmi Mei 1956, mwaka ule ule Akiyoshi alioingia Boston. Hata hivyo serikali ya Japani haikukiri chanzo chake mpaka mwaka 1968.

Utunzi una sehemu tatu: kijiji chenye amani, ustawi na matokeo yake, kisha hitimisho. Unafunguliwa na sauti ya mtoto, Michiru, bintiye Akiyoshi mwenyewe, akiimba peke yake. Halafu bendi inaingia, na inaingia kwa furaha! Hilo ndilo jambo ambalo msikilizaji wa mara ya kwanza halitarajii. Katika sehemu ya pili tarumbeta na tromboni zinashangilia kama watu waliopata kazi, nyumba na barabara ya lami; saksafoni zinapishana kama magari ya mji unaokua. Ustawi ule haukuwa uongo. Ulikuwa wa kweli, na sumu ilikuwa ndani yake. Akiyoshi asingeweza kutuonyesha hilo kwa muziki wa majonzi tangu mwanzo. Ilibidi kwanza atufanye tuipende bendi. Mwishoni uimbaji wa Noh unapanda juu ya vyombo vyote, mzito, kama wa mzee anayesoma majina, na mtoto anarudi. Sijapata kumaliza utunzi huu nikaendelea mara moja na kazi niliyokuwa nikifanya.

Mwalimu wa kwetu asidhani kwamba habari hii ni ya mbali. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki uliotiwa sahihi nchini Japani mwaka 2013 uliitwa Minamata, na ulisimamiwa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ambalo makao yake makuu yako Gigiri, Nairobi. Na katika machimbo madogo ya dhahabu huko Migori, zebaki imekuwa ikishikwa kwa mikono mitupu. Mwalimu wa kemia, wa jiografia na wa muziki wanaweza kukutana katika utunzi huu mmoja.

Rekodi ya tano ni Road Time, iliyorekodiwa mbele ya hadhira nchini Japani mwaka 1976. Hii nawapendekezea wale wanaoiogopa jazi. Makofi yanasikika, wapigaji wanachangamka, na “Kogun” imo tena, safari hii mbele ya watu wanaoielewa tsuzumi bila kufasiriwa. Anayeanza aanze hapa, kisha arudi nyuma.

Rekodi ya sita ni Hiroshima: Rising from the Abyss. Kuhani mmoja wa Kibuddha wa Hiroshima alimwomba atunge muziki kuhusu bomu la atomiki lililoangushwa Agosti 6, 1945. Mwanzoni, asema, hakuona maana ya kutunga juu ya unyama ule, mpaka alipoona picha ya msichana aliyetoka katika maficho ya chini ya ardhi huku akiwa na tabasamu hafifu. Utunzi ulipigwa mara ya kwanza mjini humo Agosti 6, 2001. Sehemu yake ya mwisho inaitwa “Hope”, yaani tumaini, na ikawa desturi yake kufungia maonyesho yake kwa wimbo huo. Naungama kwamba sehemu za katikati, zenye masimulizi ya manusura, ni nzito, na kwa wanafunzi wadogo zingechosha. Wao wapewe “Hope” tu, itatosha.

Mwaka 2003 Akiyoshi aliivunja bendi ili arudie piano yake. Alikuwa ameteuliwa mara 14 kuwania tuzo ya Grammy bila kuipata hata mara moja, ingawa wasomaji wa jarida la DownBeat walimchagua kuwa mtunzi na mpangaji bora wa muziki, mwanamke wa kwanza kupata heshima hiyo, na mwaka 2007 taifa la Marekani likamtunuku nishani yake ya juu kabisa ya jazi. Filamu kuhusu maisha yake iliyotengenezwa miaka ya themanini ilipewa jina linalosema kwamba jazi ndiyo lugha yake ya kuzaliwa. Mtu wa Liaoyang na Beppu! Kwa kipimo cha mwalimu wetu mkongwe, huo ni uongo mtupu. Kwa kipimo cha kazi aliyoifanya, sijui nani angesimama kumkanusha.

Najua yatakayosemwa. Yuko atakayeuliza kwa nini mwanafunzi wa Kenya asikilize muziki wa Wamarekani uliotungwa na Mjapani, ilhali nyimbo za wazee wetu zinapotea bila kurekodiwa. Swali ni la haki, na jibu langu ni kwamba ndiyo maana hasa ya kumsikiliza. Akiyoshi aliirudia tsuzumi kwa sababu jazi ilimwonyesha kuwa anayo. Anayejua lugha ya wengine kwa kina ndiye hurudi nyumbani akiwa na masikio mapya. Na yuko atakayesema kwamba ninahalalisha uvivu, kila mtu aboronge atakavyo kisha adai ni lafudhi. La hasha! Nimekwisha kusema kwamba bibi huyu aliiva kwanza. Asiyetaka kuiva asijifiche nyuma ya kimono chake.

Kuna pia walio na neno zuri zaidi la kunipinga: kwamba watu wa Lamu, Mvita na Unguja wana haki ya kulinda lugha waliyoilea kwa karne nyingi, na kwamba bara imekuwa na tabia ya kuchukua bila kushukuru. Nakubali. Akiyoshi hakuchoka kuwataja Bud Powell na Ellington, na hakudai kamwe kuwa jazi ilianzia Tokyo. Mwenye kukopa hana budi kumjua na kumheshimu aliyemkopesha. Lakini heshima hiyo ni deni la adabu tu. Haimwamuru mkopaji anyamaze.

Mwanafunzi wangu alirudi baada ya wiki tatu, si mbili. Alikuwa amesikiliza rekodi mbili tu kwa sababu bando lilimwishia, na “Minamata” aliisikiliza mara nne. Hakuniambia kwamba imemponya. Aliniuliza kama Wamarekani waliokuwa katika bendi ile waliyaelewa maneno ya yule mwimbaji wa Noh. Nikamwambia naamini wengi wao hawakuyaelewa, lakini walijua pa kumpisha. Akafikiri kidogo, akasema kwamba katika chumba kile cha walimu hakukuwa na mtu wa kumpisha.

Fomu yake imo mezani mwangu, haina sahihi, naye hajaja kuidai. Siwezi kusema ataamua nini, na uamuzi ni wake. Lakini kwenu walimu wenzangu nina ombi. Mtakapokutana na kijana ambaye Kiswahili chake kina harufu ya kwao, msahihisheni ngeli, msahihisheni tahajia, mdaini kazi mpaka ailaani siku aliyowajua. Kisha mnyamaze kidogo, msikie analotaka kusema.